Mfalme Kwenye Kamba ya Nguo

Jumatatu, 3 Juni

Nianze kwa shukrani, kama Bibi alivyonilea. Nashukuru kwa shajara mpya. Nashukuru kwa kalamu isiyovuja. Nashukuru zaidi kwa Mwalimu wetu wa Lugha za Kale, ambaye leo amebadilisha maisha yangu kabla hata ya kengele ya chakula.

Habari yenyewe ni hii. Jumba la makumbusho linafungua chumba cha vigae. Vigae ni vipande vya udongo wa kuchoma vyenye maandishi ya watu waliokufa zamani sana, na lugha yao ikafa nao. Chama chetu cha Lugha za Kale kimepewa kigae kimoja tukitengenezee ubao wa maelezo, utundikwe ukutani kando yake. Na likizo ikianza, mmoja wetu atapewa kiti katika chumba cha ndani, mezani kwa Mtunza Vigae, amsaidie kuvisafisha kwa brashi laini.

Kiti kimoja! Brashi moja!

Mimi vigae nimeviona kwenye picha tu. Tena picha za fotokopi, nyeusi kama kitako cha sufuria. Mwaka mzima nasoma maneno ya wale watu na sijawahi kugusa hata kipande. Nakitaka kile kiti kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka. Nimeandika mara moja, inatosha. Mwalimu anasema sentensi nzuri haijirudii.

Kizuizi ni kimoja: Rula. Tunamwita hivyo kwa sababu hatembei bila rula, na mwenyewe amenyooka vivyo hivyo. Hati yake kama ya mashine. Mwalimu akitaka kutuonyesha kazi safi, hunyanyua ya Rula. Akitaka kutuonyesha kazi yenye mawazo, hunyanyua yangu, na darasa zima hucheka.

Nakitaka kile kiti. (Samahani, Mwalimu.)

Jumanne, 4 Juni

Mpango wa kwanza: kuwa mkamilifu kuliko wote, tena mbele ya watu.

Leo Mwalimu alirudia sheria za kufasili maandishi ya kale, kwa ajili ya wanachama wapya. Mistari ni mitatu. Mstari wa juu ni maneno ya marehemu, yaliyokatwa vipande vya maana, yaani mofimu, na kila kipande kimeungwa na mwenzake kwa kistari. Mstari wa kati ni maana, kila maana chini ya kipande chake. Kipande chenye maana ya kushikika, kama mfalme au nyumba, huandikwa kwa herufi ndogo. Kipande chenye kazi tu, cha kusema nani ametenda au lini, huandikwa kwa HERUFI KUBWA. Mstari wa chini kabisa ni tafsiri ya kawaida, ya kila mtu.

Vistari vya juu na vya kati lazima vilingane. Visipolingana, alisema Mwalimu, mahali fulani mtu amedanganywa.

Kisha nukta. Kipande kimoja kikibeba maana mbili, unaziandika zote na kutia nukta katikati. Akatoa mfano wa lugha yetu: katika “sijui”, kile “si” kidogo kinabeba “mimi” na “siyo” kwa pamoja. MIMI.SIYO. Kipande kimoja, mizigo miwili, wala hakilalamiki. Nikamfikiria Bibi, aliyenilea tangu nikiwa mchanga. Nikaandika pembeni ya daftari: bibi, mama.baba. Nikafurahi peke yangu.

Furaha ikanizidi. Mwalimu alipouliza nani atakata neno “tunakushukuru”, nilifika ubaoni kabla hajamaliza kuuliza. Nikakata: tu-na-ku-shu-ku-ru. Vistari vingi! Chini nikaandika: sisi-SASA-wewe-shu-wewe-ru.

Mwalimu aliniuliza kwa upole shu ni nini. Nikasema huenda ni sauti ya furaha. Akauliza ru je. Nikasema furaha ikiisha.

Darasa lilicheka mpaka mlinzi wa lango akachungulia dirishani. Mmoja wa nyuma akapaza sauti kwamba tunakushukuru wewe na tena wewe. Mwalimu alisema nyama haikatwi kila unapojisikia, hukatwa kwenye kiungo, na hapo mimi nimepasua mfupa. Rula ndiye aliyeninong'oneza kwamba “shukuru” ni kipande kimoja. Alininong'oneza baada ya watu wote kucheka. Mjanja sana yule.

Hata hivyo nashukuru. Sasa kila mwanachama ananijua kwa sura.

Jumatano, 5 Juni

Mpango wa pili: rula.

Nimewaza hivi. Kila maana lazima ikae sawasawa chini ya kipande chake. Bila rula, Rula ni nani? Kwa hiyo nimeiazima, kwa nia ya kuchelewa kuirudisha. Si wizi. Ni ucheleweshaji.

Aliitoa mfukoni hapohapo, akaifuta kwa kiganja, akasema nichukue tu, mwenzangu, nisijali. Nilimwonea huruma kidogo. Kidogo sana.

Kipindi cha chama kikaanza. Rula hakuwa na rula. Akachukua karatasi, akaikunja mikunjo mikunjo kama sketi ya shule, akaikunjua. Kila mkunjo ukawa safu. Maana zikakaa chini ya vipande vyake kama watoto kwenye paredi. Mwalimu alituita wote tukazunguke meza yake tujionee. Alisema hiyo ndiyo akili, si chombo.

Nami nimebaki na rula, sijui niifanye nini. Bibi ameipenda. Amepimia pazia la jikoni na anasema tangu siku nyingi hajapata kitu kinyoofu humu ndani.

Nashukuru kwa niaba ya pazia.

Alhamisi, 6 Juni

Ajabu! Kazi ya mistari mitatu nimepewa MIMI.

Ilikuwa hivi. Mwalimu alisema ubao utatengenezwa na watu wawili, na Mtunza Vigae mwenyewe atakuja kuangalia siku ya kutundika, kisha achague nani apewe kiti. Mmoja atachora fremu, kichwa cha habari na maelezo ya kigae. Mwingine atafanya mistari. Nilijua mistari ni ya Rula, nikaanza kuandaa uso wa kuvumilia. Rula akanyoosha mkono, akasema yeye achore, mistari nifanye mimi, kwa sababu mimi nawapenda wale watu wa kale kuliko mtu yeyote darasani.

Mwalimu akanitazama muda mrefu juu ya miwani yake. Akasema haya.

Nimefikiria njia nzima ya kurudi nyumbani. Ni mtego. Hakuna mtu anayekabidhi adui yake silaha. Nilipomwambia Bibi, aliniuliza kama nina hakika huyo msichana ni adui. Nikamweleza kwa subira mambo ya ushindani. Bibi akasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Nikamwambia hakuna aliyetaja kisima.

Kigae chetu kina sentensi fupi. Maneno matatu. Ishar-u gemen-a tabur-ki. Kila neno lina vipande viwili, kama jozi za soksi. Ishar ni mfalme, na u inaonyesha ndiye mtenda. Gemen ni ghala, na a inaonyesha ndilo lililotendwa. Tabur ni kujenga, na ki inasema zamani. Mfalme alijenga ghala. Basi. Mtu alikaa chini, akafinyanga udongo, akaona jambo hilo lisipotee. Na halijapotea. Limenifikia mimi, nimekaa kwenye ngazi ya nyuma, miguu imejaa vumbi.

Nashukuru kwa huyo mtu. Hakuweka jina lake.

Ijumaa, 7 Juni

Mpango wa tatu, mdogo. Nimemwambia Rula kwamba vumbi la vigae linanyonyoa nywele. Nimesema nimesikia mahali. Nywele zake anazipenda sana, nikajua kiti atakikimbia mwenyewe.

Alishtuka kweli. Alinishika mkono, akanishukuru kwa kumjali. Mchana akarudi na vitambaa viwili vya kichwa alivyopewa na mama yake. Kimoja chake. Kimoja changu.

Ni cha buluu, chenye maua madogo. Kinanipendeza mno. Nimekasirika sana.

Jumamosi, 8 Juni

Nimevumbua njia yangu mwenyewe ya kufasili! Naiandika kwa ukamilifu ili vizazi vijavyo visihangaike.

Uani kwetu, kati ya jiko na ukuta, kuna kamba mbili za kuanikia nguo. Ya juu ni ya shuka. Ya chini, iliyo karibu na jiko, ni ya vitu vidogo. Nimekata boksi la biskuti vipande vipande. Kwenye kila kadi nimeandika mofimu moja. Kadi za maneno ya kale nimezitundika kamba ya juu, kadi za maana kamba ya chini, kila moja chini ya mwenzake. Na sasa sikiliza: vibanio ndivyo vistari! Kadi mbili zikibanwa na kibanio kimoja, ni vipande vya neno moja. Pakiwa na pengo, ni neno jingine. Mtu anaona kwa macho jinsi neno linavyoshikana. Upepo ukivuma, sentensi nzima inacheza.

Tena kadi nimeziandika pande zote mbili, ili nizisome nikiwa uani na nikiwa jikoni. Huo ndio utaalamu.

Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikaunakili mstari wa juu kwenye ubao kwa utulivu. Ishar-u gemen-a tabur-ki. Vistari nimevifanya virefu na vinene, kama vijiti vya kiberiti, vionekane kutoka mlangoni.

Ndipo Bibi akatoka na beseni la shuka zilizoloa. Aliuliza kwa sauti iliyofika kwa jirani ni nani amemning'iniza mfalme penye shuka zake. Nikamweleza sayansi. Akasema sayansi haijawahi kulala kitandani bila shuka. Alitaka na vibanio vyake vyote.

Tulijadiliana. Mimi na Bibi tukijadiliana, hushinda Bibi, ila huniachia kitu cha kushikilia. Kamba ya juu ameichukua, kadi zake nimeziondoa. Kamba ya chini nimebaki nayo mpaka kesho, na vibanio vitatu vya mbao, vibovu kidogo.

Nashukuru kwamba mstari wa juu nilikuwa nimeshaumaliza. Nashukuru pia kwa Bibi, ambaye baadaye alitoka tena na kusimama mbele ya kadi, akauliza ghala lile lilikuwa la kuhifadhi nini. Nikasema sijui. MIMI.SIYO. Akasema lazima ilikuwa nafaka, na kwamba mfalme yule alikuwa na mke mwenye akili.

Jumapili, 9 Juni

Manyunyu tangu asubuhi. Shuka hazijakauka, zimening'inia mbele ya kamba yangu kama pazia la ukumbi. Ukiwa uani huoni kitu. Lakini mimi si mtu wa kushindwa! Kutoka mlango wa jikoni kadi zinaonekana zote, safi kabisa. Ndiyo maana niliandika pande zote mbili. Mtu anayeona mbali hapati shida karibu.

Basi nilisimama mlangoni, mkono mmoja nakoroga sufuria ya Bibi, mkono mwingine naandika mstari wa kati kwenye ukanda mrefu wa karatasi, kwa vistari vinene vilevile. Kushoto kwenda kulia, kadi baada ya kadi, bila haraka. Kisha nikaubandika ukanda kwenye ubao kwa gundi ya unga. Gundi ni nyepesi kidogo. Bibi alinipimia unga kana kwamba nao umechimbwa ardhini na wataalamu.

Nimehesabu vistari. Juu vitatu, chini vitatu. Chini kabisa nimeandika tafsiri kwa hati ya kupendeza: Mfalme alijenga ghala.

Nimeutazama ubao mpaka sufuria ikaungua. Bibi amesema mengi. Nimemshukuru kwa yote, yakaisha.

Jumatatu, 10 Juni

Ubao umepita!

Miwani ya Mwalimu imevunjika mkono, ameipeleka kutengenezwa. Alifinya macho, akasema anaona kuna mistari na kuna ustaarabu, akamwomba Rula ahesabu vistari kwa niaba yake. Rula akahesabu kwa kidole. Juu na chini vimelingana. Akasema hivyo hivyo, mbele ya watu wote, bila kubana sauti.

Ila hakuondoka hapohapo. Alibaki ameinamia ubao, kidole kimesimama chini ya “ishar”, nyusi zimekutana. Akaanza kusema, “Hivi, mwenzangu, hapa...” Kengele ikalia. Nami nikaufunika ubao kwa gazeti.

Nilimwelewa. Wivu ni mateso. Nimemwombea.

Jumatano, 12 Juni

Siku ya kutundika. Nitajitahidi kuandika yote.

Jumba la makumbusho linanuka nta ya sakafu na ubaridi. Chumba cha vigae kina kabati za vioo na taa ndogo zinazotazama chini. Mtunza Vigae ni mama mnene mwenye sauti ndogo, na brashi ameichomeka juu ya sikio kama fundi seremala na penseli yake. Tukamwamkia. Akatupokea vizuri, akatuuliza kama tumekunywa maji. Fremu ya Rula aliisifu. Kisha akasogea kwenye mistari yangu, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akaanza kusoma polepole, kipande kwa kipande, kama wafanyavyo wenye kujua.

Juu, “ishar”. Chini yake, ZAMANI.

Kidole kikasimama. Kikaendelea. Juu, “u”. Chini, kujenga. Juu “gemen”, chini MTENDWA. Juu “a”, chini ghala. Juu “tabur”, chini MTENDA. Na mwisho kabisa, chini ya kale ka-ki kadogo kanakosema zamani tu, alikuwa amekaa mfalme.

Mtunza Vigae aliuliza, kwa sauti ileile ndogo, kama mfalme wetu alikuwa mkia.

Kisha akacheka. Hakucheka kwa ubaya, lakini alicheka mpaka akatafuta mahali pa kukaa, na mahali pekee pa kukaa palikuwa ngazi ya kutundikia. Alisema vistari vimelingana! Kila kimoja! Miaka yote hii ameona makosa ya kila namna, lakini kosa lililopangwa vizuri namna hii hajapata kuona. Mwalimu alikuwa amefumba macho. Mimi nilikuwa natafuta kabati la kuingia.

Mtunza Vigae aliuliza nani amefanya mstari wa kati. Rula akajibu upesi kwamba ubao tumeufanya sote wawili, na kuhesabu amehesabu yeye. Mlango ulikuwa wazi kabisa mbele yangu, nipite kimya kimya. Nikasikia mtu anasema, “Ni mimi, mama. Peke yangu.” Nikashangaa, maana sauti ilikuwa yangu.

Wageni wa ufunguzi walikuwa wanaanza kufika ukumbini. Tulisikia viatu. Nilijua kiti kimekwenda, na zaidi ya kiti, nilikuwa nimemharibia maneno yule mtu asiye na jina, aliyeyatunza muda wote huo mpaka yakaniangukia mimi.

Rula ndiye aliyeomba mkasi.

Aliuvuta ukanda wangu kwa ukucha. Ukabanduka mzima mzima! Nashukuru kwa gundi nyepesi. Nashukuru kwa ubahili wa Bibi. Tukapiga magoti sakafuni, tukaukata palepale kwenye viungo. Na vile vistari vyangu vilivyokuwa vinene kama vijiti vya kiberiti, tukavikata vyenyewe kimoja kimoja, vikawa vipande vya kushikika. Rula akakunja karatasi mikunjo yake ya sketi, akailaza chini ya mstari wa juu. Mimi nikawa nampa. Mfalme. Kistari. MTENDA. Ghala. Kistari. MTENDWA. Kujenga. Kistari. ZAMANI.

Wageni walipoingia, mfalme alikuwa mahali pake na ghala lake limejengwa. Mzee mmoja alisoma kwa sauti, akageuka kumwambia mkewe kwamba hata yeye ameelewa.

Baadaye Rula aliniuliza nilikuwa nimesimama wapi wakati wa kunakili. Nikamweleza: juu nikiwa uani, chini nikiwa jikoni. Akanishika mabega, akanigeuza nimpe mgongo, akanigeuza tena, akaniuliza mkono wake wa kulia uko upande gani. Nilidhani anataka tucheze. Tulicheka sana.

Kisha uamuzi. Kiti amepewa Rula. Ni haki, nami nilipiga makofi ya kweli, mikono ikauma. Mtunza Vigae akanigeukia. Alisema mtu anayekosea kwa mpangilio mkubwa hivyo ni heri amweke karibu, ambapo anamwona. Kiti cha pili hana. Kama naweza kusimama, nije.

Kama naweza kusimama!

Halafu akafungua kabati, akanipa kigae chetu mkononi. Kizito kuliko nilivyofikiri, na baridi. Pembeni, karibu na “ishar”, pana alama ya kidole gumba. Si maandishi. Ni mahali alipokishika kikiwa kibichi. Niliweka gumba langu palepale. Likaenea.

Nilimwambia tu Mtunza Vigae kwamba namshukuru, na ndani ya moyo nikalikata neno lile kwa njia yangu ya zamani, isiyo sahihi, yenye wewe mbili. Wewe, na tena wewe.

Yule wewe wa pili alikuwa Rula.

Alhamisi, 13 Juni

Nimefanya tathmini, kama Mwalimu anavyotufundisha baada ya kila kazi. Kosa lilitoka wapi? Nimekaa na vile vibanio mezani nikavichunguza kimoja kimoja. Jibu limepatikana. Ni vya mbao, tena vibovu. Mbao inavimba kwa manyunyu, kadi zinasogea. Mfalme ameteleza.

Nimemweleza Bibi. Amenitazama kama anavyotazama maziwa yakikaribia kumwagika. Kisha amekwenda kwenye droo yake na kunitolea vibanio vipya vya plastiki, vya rangi rangi, alivyokuwa amevitunza kwa ajili ya siku ya maana. Aliniita mama, akasema siku yenyewe ndiyo hii.

Mama.baba. Ningeweza kuongeza nukta nyingine nyingi.

Jumatatu, 17 Juni

Siku ya kwanza ya likizo, na siku ya kwanza katika chumba cha ndani!

Chumba ni chembamba. Meza ndefu, taa moja, dirisha moja kubwa. Rula amekaa kwenye kiti, kitambaa kichwani. Mimi nimesimama, kitambaa cha buluu kichwani. Rula anasema tupokezane kiti. Nimemkatalia. Kesho ninakuja na kigoda cha Bibi, nitakiweka juu ya matofali, niwe mrefu kuliko yeye.

Nimemrudishia rula yake. Amesema ina alama za pazia. Nimesema ni hadithi ndefu.

Mtunza Vigae ametupa kigae kipya, maneno mengi, lakini kila neno lina vipande viwili viwili, soksi tupu! Nimemfundisha Rula njia yangu. Alisita kidogo, kisha akakubali, mradi nitumie akili. Nimefunga nyuzi mbili, wa juu na wa chini, kutoka mpini wa kabati mpaka komeo la dirisha. Kadi nimeziandika pande zote mbili, nisije nikapata shida. Vibanio ni vya plastiki, havivimbi. Nimemaliza habari ya mateleziko.

Tumegawana kazi kama ndugu. Rula anakaa upande wa meza, ananakili mstari wa juu. Mimi nimesimama upande wa pili wa nyuzi, upande wa dirisha, kwa sababu huku mwanga ni mzuri zaidi, nami nanakili mstari wa kati. Kushoto kwenda kulia, kadi baada ya kadi, bila haraka. Tumemaliza kwa pamoja. Rula alikuwa ameshaitwa kubeba maji ya kusafishia, kwa hiyo nimebandika peke yangu, safari hii kwa gundi ya dukani, ile isiyobanduka.

Nimehesabu vistari. Juu na chini, sawa kabisa.

Mtunza Vigae ataangalia kesho asubuhi. Siogopi hata kidogo. Nashukuru kwa Rula, nashukuru kwa Bibi, nashukuru kwa dirisha kubwa. Na zaidi ya yote nashukuru kwamba kosa, mtu akishalifanya mara moja, ameshamalizana nalo.